Barua kwa Mhariri: Aliyechelewa ni nani, mtoto au shule?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu hoja ya msomaji mwenzangu aliyeandika humu wiki tatu zilizopita. Alisema kwamba vitabu vya picha vinavyoonyesha watoto wa nchi mbalimbali wakienda shule ni anasa kwa shule zetu za Kusini, kwamba mtoto anayebabaika bado na silabi hana haja ya kujua Mjapani anavaa kofia ya rangi gani, kwamba picha humzubaisha asijifunze kusoma, na kwamba wanaotuletea maboksi ya vitabu hivyo wangefanya la maana zaidi kama wangetuletea chaki na madawati. Kuhusu chaki na madawati sina ugomvi naye. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Lindi mjini, nina watoto 78 katika chumba kimoja, na bei ya boksi la chaki naijua vizuri kuliko bei ya sukari. Ninalobishana naye ni hilo la anasa, kwa sababu nahisi mwenzangu ameviona vitabu hivyo kwa mbali, na mimi nimekaa navyo zaidi ya mwaka.

Boksi tulilopata sisi lilikuwa na vitabu kumi na vinne, vyote vya Kiingereza, na vinne kati yake vilihusu jambo hilohilo moja: jinsi watoto wa pembe mbalimbali za dunia wanavyotoka nyumbani hadi wakafika darasani. Vilikaa kabatini muda mrefu, kwa kuwa walimu tulihofia kwamba vitachanika, na tulikuwa na hofu nyingine ambayo hatukuitamka, ya kusomea Kiingereza kile mbele ya watoto na kukwama. Likizo ya Juni nikavichukua nyumbani. Nilikata manila vipande vyembamba, nikaandika kwa kalamu ya maka sentensi mbili za Kiswahili kwa kila ukurasa, nikavibandika juu ya maandishi ya Kiingereza kwa gundi ya unga wa muhogo niliyoipika mwenyewe jikoni. Mende waliipenda gundi hiyo kuliko nilivyotarajia, na kurasa tatu zilitafunwa pembeni kabla sijapata akili ya kuvihifadhi vitabu ndani ya ndoo yenye mfuniko. Majalada niliyajalidi kwa kurasa za gazeti lako, jambo ambalo naliombea radhi hapa, kisha nikayavika nailoni.

Tunavisoma Alhamisi, kipindi cha mwisho. Waliotangulia hukaa sakafuni, wanaofuata hukaa juu ya madawati, na wa nyuma kabisa husimama wakishikana mabega. Nikimaliza kusoma, kitabu huzunguka mkononi kwa mkono mpaka kengele ilie. Ukitaka kujua ukurasa gani watoto wanaupenda, Ndugu Mhariri, usiwaulize, maana watakujibu kile wanachodhani mwalimu anataka kusikia. Tazama uchafu wa pembe zake. Katika vitabu vyangu vinne ukurasa mmoja umekuwa mweusi kwa vidole na una doa la embe ambalo mwenyewe hajajitokeza hadi leo. Nitaufikia.

Kwanza nianze na Japani, kwa sababu ndiyo mwenzangu aliyoikejeli. Ni kweli kwamba watoto wa darasa la kwanza huko wengi huvaa kofia za njano, na sababu ni ya barabarani: dereva awaone kwa urahisi. Asubuhi hutembea kwa makundi ya mtaa, mkubwa akiwa mbele na wadogo wakimfuata, bila mzazi kuwashika mkono hadi mlangoni. Mgongoni hubeba begi gumu la ngozi linaloitwa randoseru, ambalo mtoto hununuliwa anapoanza shule na hutarajiwa kulitumia miaka yote sita ya shule ya msingi. Sasa nimwombe mwenzangu anisikilize hapa. Nilipoandika neno hilo ubaoni, ra-ndo-se-ru, mtoto wangu mmoja ambaye tangu Januari alikuwa hajawahi kunyoosha mkono katika somo la kusoma alilisoma lote kwa sauti, mara moja, kwa sababu silabi zake ni za Kiswahili tupu. Darasa zima likampigia makofi ya kilo. Siku iliyofuata alikuja kuniuliza kama kuna neno jingine la Kijapani. Sijawahi kuulizwa hivyo kuhusu neno lolote lililomo katika kitabu chetu cha kiada.

Lakini kilichowashtua zaidi ni picha ya ukurasa wa pili wa Japani, ambapo wanafunzi wamefunga vitambaa vichwani, mmoja ana ufagio, mwingine ana tambara, wengine wamepiga magoti wanasugua sakafu ya ukumbi. Shule za huko wanafunzi hufanya usafi wenyewe, na chakula cha mchana hupakuliwa na wanafunzi kwa zamu, wamevaa aproni nyeupe. Watoto wangu, ambao kila Jumatatu hutoka kwao na ufagio wa chelewa mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili, waliitazama picha ile kimya. Mmoja akasema, “Kumbe na wao wanafagia!” Nilitambua siku ile kwamba walikuwa wakidhani ufagio ni alama ya umaskini wa shule yetu, kwamba mahali fulani duniani kuna watoto wa kweli ambao shule zao hujifagia zenyewe. Hakuna hotuba yangu ya paredi iliyowahi kufanya kazi ambayo picha ile ilifanya kwa dakika moja.

Ya Ujerumani sitakawia nayo. Huko, tangu karne ya 19, mtoto anayeanza darasa la kwanza hupewa na wazazi wake karatasi ngumu iliyoviringishwa mfano wa ile tunayofungia karanga, ila ndefu hadi kifuani kwake, imejazwa peremende, penseli na vichezeo. Darasani kwangu mjadala ulikuwa mmoja tu, ni karanga za shilingi ngapi zingejaa mle. Basi la njano la Marekani nalo walilipenda kwa rangi yake, na nilipowaeleza kwamba rangi ile ilikubaliwa katika mkutano uliofanyika New York mwaka 1939 kwa sababu maandishi meusi juu yake husomeka vizuri hata alfajiri, walitaka kujua kama basi hilo linaruhusiwa kumwacha mwanafunzi kituoni kwa vile analipa nauli ya mwanafunzi. Nikawajibu kwamba basi lile limetengenezwa kwa ajili yao. Walicheka sana, kicheko cha watu wazima.

Sasa ule ukurasa mchafu. Ni wa Bangladeshi. Maeneo ya kaskazini-magharibi ya nchi hiyo ni tambarare za mito na mabwawa, na kila mwaka msimu wa mvua maji hupanda, njia hupotea na shule hufungwa. Mchora ramani za majengo mmoja aitwaye Mohammed Rezwan, aliyekulia huko, alianzisha mwaka 1998 shirika linaloitwa Shidhulai Swanirvar Sangstha, na mwaka 2002 wakashusha majini boti ya kwanza iliyo darasa. Boti hiyo hupita asubuhi kando ya vijiji, huwachukua watoto mmoja baada ya mwingine kwenye kingo za mto, kisha hutia nanga na somo huanza humohumo ndani. Juu ya paa kuna vibao vya umeme wa jua. Somo likiisha huwarudisha walikotoka. Katika picha ya kitabu changu mwalimu amesimama mbele, ubao uko nyuma yake, na dirishani unaona maji.

Darasani kwangu yuko binti anayekaa ng'ambo, upande wa Kitunda, kwa bibi yake. Kila siku ya masomo huvuka ghuba kuja mjini pamoja na mama wa jirani anayeleta samaki sokoni. Wasomaji wa Lindi wanaelewa maana ya maneno hayo. Kusi ikivuma, chombo huyumba na nahodha husubiri itulie. Maji yakiwa yamekupwa, chombo husimama mbali na abiria humalizia kwa miguu katika matope, na mtoto huyo hufika shuleni viatu ameving'ang'ania mkononi. Mwezi ule tulipousoma ukurasa wa Bangladeshi nilikuwa nimemwandika mara nne katika daftari la wachelewaji, na mara mbili kati ya hizo nilimfagiza uwanja. Nilipomaliza kusoma, alinyoosha kidole na kuuliza, “Madam, hapo boti ikichelewa, aliyechelewa ni nani, mtoto au shule?”

Sikuwa na jibu. Nilisema tutaliangalia wiki ijayo, kama tunavyosema walimu tunapobanwa.

Nimelitafakari swali hilo kuliko mambo mengi niliyoulizwa katika miaka kumi na tisa ya kushika chaki, na ndilo lililonifanya niandike barua hii. Katika vitabu hivi vya safari za shule zimo hadithi za aina mbili, ingawa waandishi wake hawakuzitenga. Ipo hadithi ya mtoto anayeifuata shule, na ipo hadithi ya shule inayomfuata mtoto. Boti ya Bangladeshi ni ya aina ya pili. Shule ya Hewani ya Alice Springs nchini Australia ni ya aina hiyohiyo: ilianza mwaka 1951, mwalimu akizungumza kwa redio za upepo ambazo mtandao wake uliwekwa kwanza kwa ajili ya madaktari wanaoruka kwa ndege, na watoto wakimjibu kutoka katika mashamba ya ng'ombe yaliyo mamia ya kilomita kutoka mji wowote. Leo hutumia intaneti na kamera, na eneo linalohudumiwa na shule hiyo moja limezidi kilomita za mraba milioni moja, yaani ni kubwa kuliko Tanzania yetu nzima. Hapa jirani Kenya, tangu miaka ya 1990, ngamia hubeba masanduku ya vitabu kutoka maktaba ya Garissa na kuwapelekea watoto wa wafugaji mahali walipohamia, na mwalimu wa huko hahitaji kuwaambia watoto wake waache mifugo ili waione maktaba. Katika kurasa hizi zote kuna mtu mzima aliyejiuliza mtoto huyu yuko wapi, kisha akanyanyuka.

Hadithi za aina ya kwanza ndizo nyingi, na hapa nina lawama kwa watengenezaji wa vitabu hivyo. Kitabu kimoja kina picha ya watoto wanaopanda jabali kwa ngazi, mabegi mgongoni, na maandishi yake yanasema tu kwamba watoto hao ni jasiri na wanapenda elimu. Picha za namna hiyo zilienea duniani mwaka 2016 kutoka kijiji cha Atule'er, katika mkoa wa Sichuan nchini China, ambako wanafunzi 15 wenye umri wa miaka 6 hadi 15 walikuwa wakipanda genge la mita 800 kwa ngazi za mimea itambaayo na mbao. Hawakupanda kila siku. Walilala shuleni bondeni na kurudi nyumbani kila baada ya wiki mbili, kwa sababu hakuna mguu wa mtoto ungeliweza jambo hilo kila siku. Baada ya picha hizo kuonekana, ngazi ya chuma ilijengwa mwaka huohuo, na mwaka 2020 kaya nyingi za kijiji hicho zilihamishiwa katika nyumba za ghorofa kwenye mji wa wilaya. Mtoto anayesoma kitabu changu haambiwi lolote kati ya hayo. Anabaki na ujasiri, na ujasiri ni neno zuri mno kwa watu wazima waliokuwa na kazi ya kujenga ngazi.

Nasi tunalipenda neno hilo. Kila mwisho wa mwaka tunamsifu mwanafunzi anayetembea umbali mrefu kuliko wote, tunampa madaftari sita na kalamu, na mwaka unaofuata anatembea umbali uleule. Mei 2024, mvua na upepo wa kimbunga Hidaya vilipobomoa barabara kuu kati yetu na Dar es Salaam upande wa Somanga, magari yalikwama siku kadhaa na wafanyabiashara wetu hawakufika walikokwenda. Hakuna aliyewaandika katika daftari la wachelewaji. Tulisema daraja limekatika. Mimi mwenyewe nilikuwa na ndugu yangu kwenye basi mojawapo, na sikumwambia kwamba angeamka mapema asingekwama.

Mwenzangu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya nchi za watu na sisi hatuna boti wala redio. Tunazo shule shikizi. Kwa wasiozifahamu, ni madarasa machache yanayojengwa karibu na watu walio mbali na shule mama, ili watoto wa awali na wa madarasa ya mwanzo wasome hapo karibu, na miguu ikishakomaa ndipo waende shule mama. Nyingine hukua zikasajiliwa kuwa shule kamili. Nyingi zilianza kwa nguvu za wananchi wenyewe, miti, udongo na makuti, kabla tofali la serikali halijafika. Katika mpango wa fedha za UVIKO-19 uliotangazwa mwaka 2021, kati ya madarasa 15,000 yaliyokusudiwa kujengwa nchini, 3,000 yalikuwa ya shule shikizi. Hili nalo ni jambo la shule kunyanyuka na kumfuata mtoto, tena limefanywa na watu wasiojua kama kuna mtu anachora vitabu kuhusu mambo hayo. Lakini pekua vitabu vyote vinne vilivyo katika ndoo yangu, hutaikuta shule shikizi hata moja.

Utakutana na “Afrika”. Watoto wengine wote katika vitabu hivyo wana nchi, na baadhi wana mji na jina. Ukurasa wa Afrika una udongo mwekundu, mbuyu, jua, na mtoto peku aliyebeba ndoo kichwani, basi. Watoto wangu walibishana juu yake kwa muda. Mmoja alisema huyo ni wa Liwale. Mwenzake akamjibu kwamba Liwale ana shangazi, na watu wa huko hawavai hivyo. Wa tatu akauliza hiyo ndoo inapelekwa shule au inatoka shule, swali ambalo mchoraji hakulifikiria, kwa kuwa sehemu zetu nyingi maji huenda shule pamoja na mwanafunzi. Hatimaye wakaamua kwamba hayuko popote, wakafunua ukurasa unaofuata. Sikuona haja ya kuwatetea waliouchora.

Kwa hiyo sikubaliani na mwenzangu kwamba vitabu hivi vitupwe, wala sikubaliani na wanaodhani kwamba tumekwisha kuhudumiwa kwa sababu boksi limefika. Nasema tuvitengeneze vya kwetu, kwa Kiswahili, vyenye safari za kwetu pamoja na za wengine katika kitabu kimoja, ili mtoto wa Lindi amwone Mjapani na ajione mwenyewe bila kubadilisha kitabu. Njia zipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwepo tangu mwaka 1991. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza wa riwaya na ushairi walitunukiwa Aprili 2023, ilikwisha kuongeza nafasi ya hadithi za watoto. Na wachoraji? Huku Kusini ndiko alikotoka marehemu George Lilanga, Mmakonde aliyejaza mashetani yake yenye masikio makubwa katika michoro inayotundikwa leo Ulaya na Japani. Na jirani zetu wa Tunduru ndio waliomzaa Edward Said Tingatinga, aliyeanza kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao. Sitaki kuambiwa kwamba sehemu iliyotoa watu hao wawili haiwezi kutoa mtu wa kuchora mtoto akivuka ghuba.

Atakayekiandika nina maombi machache kwake, na si ya kitaalamu. Aandike jina la mahali. Umbali asiupime kwa kilomita, maana mtoto wa miaka minane kilomita haijui. Aupime kama wanavyoupima wao, kutoka mkorosho wa babu fulani hadi kisimani, kutoka kisimani hadi mashine ya kusaga. Asisahau mbwa. Aonyeshe anayemsindikiza mtoto, na kama hayupo, asifiche kutokuwepo kwake. Na panapokuwa na mto, aonyeshe pia nani anayepaswa kujenga daraja, hata kama ni kwa kumchora mtu aliyeshika kofia ya ujenzi kwa mbali.

Kuhusu hofu ya mwenzangu kwamba picha humzubaisha mtoto asijifunze kusoma, nitasema kifupi, kwa kuwa hili lilikwisha kuamuliwa zamani. Mwaka 1658 mwalimu Comenius alitoa kitabu cha shule kwa Kilatini na Kijerumani chenye picha kwa kila somo, akiamini kwamba mtoto aone kitu na jina lake kwa pamoja, na Ulaya ilikitumia kwa vizazi vingi. Lakini mimi siendi mbali hivyo. Vile vipande vyangu vya manila vyenye sentensi mbilimbili ndivyo watoto wanavyovikariri kwanza kwa masikio, halafu siku moja unamwona mtoto anavifuata kwa kidole na kidole kinasimama pale neno linaposimama. Hapo amekwisha kusoma, na hajui kama amesoma.

Mwaka huu tumefanya jambo moja dogo. Kila mtoto alipewa karatasi moja achore njia yake kutoka mlangoni kwao hadi darasani, na chini yake aandike sentensi mbili. Kurasa tumezishona kwa uzi wa mkonge, ambao kwetu Lindi hauhitaji kuagizwa kutoka mbali. Humo mna mbwa kumi na watatu. Mna mwembe mmoja ambao watoto sita wanaokaa mitaa tofauti wameuchora wote, na sasa nimejua mawe yale hutupwa na nani. Mna bibi anayewapa maji ya kunywa wapitao, ambaye watoto wanne wamemchora akiwa mkubwa kuliko nyumba yake. Mtoto mmoja amenichora mimi langoni na fimbo ndefu kunizidi kimo, na chini ameandika, “Hapa ndipo ninapokimbia.” Binti wa Kitunda amechora chombo, nahodha, yule mama wa samaki na beseni lake, na amechora saa kubwa ya duara juu ya maji, bila mishale. Nilimuuliza mishale iko wapi. Akasema, “Madam, majini hakuna saa, kuna maji kujaa na maji kukupwa.” Jina lake sikuliandika tena katika lile daftari. Nimekubaliana na mwalimu mkuu kwamba siku za maji mabaya somo lake la kwanza nitamrudia wakati wa mapumziko, na hadi sasa imetokea mara tano.

Namkaribisha mwenzangu aje Alhamisi yoyote, kipindi cha mwisho, akae sakafuni pamoja nasi, kwa kuwa kiti kilichopo ni kimoja na kimevunjika mguu. Kitabu chetu ataonyeshwa. Kina kurasa 76 zenye michoro na mbili tupu, kwa sababu wenyewe wamekwenda shamba na wazazi wao tangu korosho zianze kudondoka na hawajarudi. Nimezishona hivyohivyo mahali pao, mmoja kati ya namba 31 na 33 na mwingine karibu na mwisho, na penseli zao zimo katika ndoo.

Ni mimi,
Mwalimu wa Darasa la Tatu (jina limehifadhiwa),
Lindi Mjini